Chuma, Pamba na Goti la Kiberiti

Nimeona wajinga wengi kwenye mpira, lakini ujinga wa msimu ule ulikuwa na mwenyekiti, katibu na mhuri. Klabu yetu iliajiri makocha wakuu wawili. Si kocha na msaidizi wake, hata! Wawili, wote wakuu, wote na filimbi shingoni. Nusu ya kamati ilisema timu inataka mtu mkali, nusu ikasema inataka mtu mpole, na mwenyekiti wetu, ambaye tangu azaliwe hajawahi kumwambia mtu hapana, akasema, "Basi si tuwachukue wote?" Wakapiga makofi. Watu wazima, wenye wake na watoto, wakapiga makofi.

Mimi ni kipa. Wenzangu wananiita Babu kwa sababu ya mvi mbili tatu za kidevuni, na kwa sababu hawana adabu. Kipa anakaa nyuma, anaona migongo ya wenzake wote, na nusu ya kazi yake ni kupayuka. Kwa hiyo mkiona naongea sana, mjue ndiyo kazi iliyonilisha.

Kambi ilikuwa kwenye shule ya bweni iliyofunga likizo. Tulilala kwenye vitanda vya watoto, vya juu na chini, mabeki wetu miguu imetokeza nje ya kitanda hadi magotini. Mwenyekiti akaandika majina yetu kwenye vikaratasi, akavitia kwenye kofia, akatugawa nusu kwa nusu kama watu wanaogawana urithi wa kuku. Mpango ukawa hivi: kila kocha afundishe nusu yake kwa njia yake, mwisho wa kambi nusu hizo zicheze, na kocha atakayeshinda ndiye abaki na achague wa kuwasainisha. Mimi nikaangukia kwa yule mpole. Mdogo wangu akaangukia kwa yule mkali.

Huyo mdogo wangu ni tumbo moja na mimi, kitinda mimba wa mama. Ni winga. Wanamwita Kiberiti, maana ni mdogo wa umbo, lakini akikwaruzwa tu anawaka. Alikuja kambini kwa majaribio, hana mkataba, katoka timu ya mtaani ambako jezi zilikuwa zinaazimwa. Siku tunaondoka nyumbani mama alinivuta pembeni akaniambia, "Huyo ndiye wa mwisho. Umpeleke mzima, umrudishe mzima." Nikamjibu usijali, mama. Mtu mzima na akili zangu, nikamjibu hivyo.

Sasa niwaeleze hao mabwana wawili. Mkali tulimwita Chuma. Shingo nene, kicheko hana, na siku ya kwanza aliwasimamisha watu wake juani akawaambia, "Samaki mkunje angali mbichi." Akawakunja kwelikweli. Sheria yake ya kwanza: neno "naumwa" halisemwi. Ukilisema, begi lako linatolewa getini na wewe unalifuata. Sheria ya pili ndiyo iliyonichekesha mwanzoni, Mungu anisamehe. Mchezaji akianguka, Chuma anapuliza filimbi yake ndefu, na timu nzima inajitupa chini na kupiga pushapu kumi kwa sauti, hata aliyeanguka, kabla hajainuka. "Ardhi mmeiazima," anasema, "ilipeni." Basi asubuhi nzima ungesikia kule upande wao, filimbi, kisha moja, mbili, tatu, wanaume wazima wanahesabu kama chekechea. Alipoulizwa na katibu kama hawatukani mno vijana, alijibu, "Maneno makali hayavunji mfupa."

Mpole tulimwita Pamba. Huyu alinukia vizuri, alivaa kandambili laini, na alituita wanangu ingawa mimi nina umri wake. Kila asubuhi alitukalisha kwenye mikeka ndani ya ukumbi, tukizungusha mpira mikononi, na mwenye mpira anaeleza anajisikiaje. "Kuuliza si ujinga," alisema, na aliuliza hadi tukachoka kujibu. Anayesema kachoka anarudi kulala. Wiki ya kwanza haijaisha, nusu ya kikosi ilikuwa na maradhi ambayo hayajapata jina. Beki wetu wa kati, dume lenye mabega kama mlango wa kabati, alishika mpira akasema anahisi huzuni kwenye nyonga. Huzuni! Kwenye nyonga! Pamba akamshukuru kwa ujasiri wake. Mshambuliaji wetu, tuliyemwita Shemeji kwa kuwa anamwita kila mtu shemeji ili asirudishe alichoazima, alisema mwili wake unamwambia asikimbie kabla ya chai. Akaambiwa ausikilize. Mimi golini nilidaka mbu wengi kuliko mipira.

Msinielewe vibaya, simsifu Chuma. Ukiona mtu anamcheka kipofu haina maana anamsifu kiziwi.

Jioni moja nilikwenda kufua glavu kwenye mabomba nyuma ya mabweni, nikamkuta Kiberiti anasuuza soksi. Alikuwa ameketi kwenye ukingo wa saruji, mguu wa kulia kaunyoosha pembeni kama kitu cha kuazima. Goti lilikuwa limeumuka kama unga wa mkate.

"Goti hilo vipi?"

"Poa tu, kaka."

"Poa gani? Likunje nione."

Akalikunja kidogo, akaishia njiani. Mdomo ulikuwa unatabasamu lakini jasho limemtoka juu ya midomo.

"Likikunjwa linaongea kidogo," akasema. "Asubuhi likipata moto linanyamaza."

"Goti likiongea unalisikiliza, mjinga wewe. Mwambie kocha wako."

Akacheka. "Unataka nirudi nyumbani? Juzi beki mmoja kasema kisigino kinamuuma. Begi lake lilifika getini kabla yake."

"Basi nenda kwa mchuaji."

"Mlango wa mchuaji unaonekana kutoka dirishani kwa Chuma. Anakaa hapo anahesabu nani kaingia." Akaikamua soksi, akaitundika kwenye bomba. "Kaka, zimebaki siku chache tu tucheze. Nikisaini, nitaumwa nikitaka. Usimwambie mtu. Niapie."

Sikuapa. Nilimwambia aondoe upuuzi wake, nikaenda moja kwa moja kwa Chuma.

Nilimkuta kwenye darasa la jiografia, ndiyo ofisi yake. Alikuwa na ubao wa miguu mitatu, ule wa kubebeka, anachora mishale ya chaki.

"Mwalimu, Kiberiti ana goti."

"Ana mawili. Nimeyaona," akasema bila kugeuka.

"La kulia limevimba."

"Kasema yeye?"

"Atasemaje na wewe umekataza?"

"Kama hajasema, haliumi." Ndipo akageuka akanitazama, chaki mkononi. "Wewe si wa kule kwa Pamba? Nani kakutuma? Mmeona winga wangu ni moto, sasa mnataka nimpumzishe."

"Ni mdogo wangu, mwalimu. Tumbo moja."

"Basi mpende, unyamaze. Nikisikia habari ya goti hilo mara ya pili, kutoka kwako au kwa yeyote, begi lake liko getini. Umenisikia, Babu?"

Nilimsikia. Nilitoka. Kumbe nilikuwa nimekwenda kumwokoa mdogo wangu na nimemzidishia kitanzi. Nikasema si kitu, klabu hii ina makocha wawili, ngoja nimwendee yule mwenye masikio.

Pamba alinipokea kwa mikono miwili, akanikalisha kwenye mto. Nikamweleza yote, goti, uvimbe, vitisho vya begi. Alisikiliza macho yamefumbwa.

"Nimekusikia, mwanangu. Na wewe, jambo hili linakufanya ujisikieje?"

"Mimi sijisikii chochote, goti si langu."

"Unaiona hasira hiyo?"

"Mwalimu, mchuaji yuko chini yako. Mpeleke akamwone kijana, hata kwa siri, hata chooni."

Akafumbua macho, akanipa tabasamu lile la kumpa mgonjwa. "Mwili wa mtu ni wake. Siwezi kwenda kumchungulia mtu goti ambalo yeye hajaniambia. Huo utakuwa ukali wa namna nyingine. Akija mwenyewe akasema, mlango wangu uko wazi."

"Hawezi kuja!"

"Basi hayuko tayari. Tumheshimu."

Jamani! Nilikaa pale kwenye mto nikatamani kuupasua. Mmoja kamziba kijana mdomo, mwingine anamsubiri kijana huyohuyo aseme. Na goti lipo, nje, mchana kweupe, limevimba, linapita mbele yao wote wawili kila siku likiwa limevaa kaptula. Hakuna aliyeinama kuliangalia. Macho wanayo ya nini hawa watu? Ya kuangaliana wao kwa wao.

Nikabaki na barafu. Kila baada ya chakula cha mchana nilimwomba mpishi vipande, nikavitia ndani ya soksi, nikamfunga Kiberiti goti kwenye bafu la mwisho, mlango tumeufunga kwa ndoo. Nilimsihi asicheze. Nilimtishia kwamba nitampigia mama simu. "Mpigie," akasema, "kisha uniambie nikirudi nyumbani bila mkataba nitamtazamaje." Nikaendelea kumfunga barafu. Mwaka ule mama alikuwa anawaambia majirani wote kwamba wanawe wawili watacheza timu moja.

Siku ya mechi mwenyekiti aliletewa kiti cha plastiki na mwavuli. Kamati ikakaa nusu kulia kwake, nusu kushoto, hawasalimiani. Refa alikuwa dereva wa basi la klabu, kwa kuwa ndiye pekee aliyekubalika pande zote mbili, na hiyo ni kwa sababu wote walitaka awarudishe nyumbani. Mchuaji hakuwepo. Asubuhi ile kwenye mkeka alikuwa amesema anajisikia mzito, na Pamba akampa ruhusa akalale.

Mechi yenyewe ilikuwa aibu. Vijana wa Chuma walikimbia kama wanafukuzwa, na kila wakipata mpira walitupa jicho kwa kocha wao kuuliza la kufanya. Vijana wetu walitembea. Beki wa huzuni alipigwa chenga, akasimama kuitafakari. Mimi nilidaka hadi kucha zikaniuma, nikapayuka hadi sauti ikakatika. Hao hao waliosema wanajisikiliza hawakunisikiliza hata mara moja.

Na Kiberiti alikuwa anawaka, lazima niseme ukweli. Goti bovu, lakini akipokea mpira pembeni, kamati yote ilisimama, hata nusu yetu. Nilikuwa naona anakwepa kukanyagia mguu wa kulia, anageukia kushoto tu, na nilishukuru Mungu kwamba mabeki wetu ni wavivu mno kuligundua hilo.

Kipindi cha pili kikiwa kimeshakolea, bado bila kwa bila, mpira ukapigwa nyuma ya mabeki wetu, na mdogo wangu akaukimbilia, yeye na mimi tu. Nikatoka golini. Nilimwona usoni. Aliniona pia, akatabasamu kama vile tuko nyuma ya nyumba yetu na mama anatuita kula. Nikafunga upande wake wa kushoto. Nilikuwa kipa wakati ule, si kaka. Mwili wangu ulifunga kushoto kabla sijaufikiria, na yeye akalazimika kukata kulia.

Akakanyagia mguu ule. Hakuna aliyemgusa. Nilisikia sauti, kavu, kama ufito unaovunjwa. Akaenda chini, mpira ukaja wenyewe taratibu ukaingia mikononi mwangu.

Na hapo filimbi ikalia. Si ya refa. Ilikuwa ile ndefu, ya Chuma, kutoka pembeni ya uwanja. Mchezaji wake ameanguka, mkono wenyewe ukapeleka filimbi mdomoni.

Timu yake nzima ikajitupa chini. Mabeki, viungo, hadi kipa wao kule mbali golini, wote kifudifudi. "Moja! Mbili!" Na mbele yangu, karibu nimguse, mdogo wangu akaweka viganja kwenye nyasi. Mguu wa kulia ulikuwa umelala upande ambao mguu wa mtu haulali. Akajiinua kwa mikono. "Tatu," akasema.

"Acha!" nikamwambia. "Kiberiti, acha, baba!"

"Nne."

Wenzangu wakaanza kunipigia kelele. "Babu, toa mpira! Wako chini wote! Toa!" Shemeji alikuwa anaruka katikati ya uwanja, mkono juu, hajawahi kuonekana na afya kiasi kile. Nikautupa mpira, sijui ulikoelekea, nikapiga magoti nikamkumbatia mdogo wangu mabega nimzuie. Alikuwa anasukumana nami. Machozi na mchanga vimemjaa usoni, na bado anasukumana nami, anahesabu. "Niache kaka, zimebaki chache, niache nimalize." Akamaliza. Haki ya Mungu alimaliza zote kumi, nikiwa nimemshika, ndipo akalala ubavu na kutoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu.

Mpira ulikuwa umemfikia Shemeji. Alitembea nao, hakukimbia, akapita katikati ya watu wanaopiga pushapu, akamvuka kipa aliyekuwa anahesabu tisa, akautia wavuni. Refa akaonyesha kati. Baadaye alieleza kwamba yeye hakupuliza, na goli ni goli.

Wakaja wote wawili mbio. Mnadhani waliinama? Thubutu! Chuma alisimama juu ya mdogo wangu, kifua mbele, akamwambia mwenyekiti, "Mmeona? Kamaliza kumi! Na mguu ule! Huyo ndiye mwanaume niliyemtengeneza." Pamba akashika kichwa. "Laiti angesema," akawa anarudia, "laiti angesema tu." Wakaanza kubishana palepale, vidole usoni, huyu anamwita mwenzake mnyama, huyu anamwita mwenzake yaya, na kijana yuko katikati ya viatu vyao. Wanasema mafahali wakipigana zinaumia nyasi. Nyasi pale zilikuwa na goti na mama. Mwenyekiti akafika na mwavuli wake, akatazama chini, akatazama juu, akauliza, "Kwa hiyo nani kashinda?"

Niliwatukana. Siwezi kuandika nilichosema, ila mwenyekiti alifunga mwavuli.

Machela haikuwepo, ufunguo wa stoo anao mchuaji na mchuaji kalala. Tulimbeba juu ya ule ubao wa jiografia, mishale ya Chuma ikamchafua mgongo kwa chaki. Wachezaji wawili wa Chuma walinisaidia, lakini kabla ya kuushika ubao waligeuka kwanza kumtazama kocha wao kama inaruhusiwa.

Hospitalini daktari alipiga picha, akalibonyeza goti, akaniita pembeni. Kano mbili zimekatika. Msimu umekwisha, na mbio zile, akasema, tusiahidiane. Kisha akauliza, "Uvimbe huu ni wa zamani. Hakuna mtu aliyeuangalia?" Nikamwambia tulikuwa na makocha wawili. Akadhani namtania.

Asubuhi yake Pamba alikuja, mkononi mfuko wa matunda. Alikuwa ameshinda, ndiye kocha mkuu sasa. Chuma hakufukuzwa, msihofu, mwenyekiti asingeweza. Walimpa timu ya watoto. Pamba alinikuta kwenye korido, akaniambia ananitaka msimu ujao, na kitambaa cha unahodha ni changu. Kisha akaniwekea mkono begani. "Unajisikiaje, mwanangu?"

"Najisikia kukuzaba kofi, mwalimu."

Akafumba macho, akatikisa kichwa taratibu. "Asante kwa kuniambia."

"Mlango huo hapo. Ingia ukaangalie goti. Usiulize kitu, angalia tu."

Akatazama saa yake. Alikuwa na kikao na kamati. Akaniachia matunda, akaondoka na kandambili zake hazitoi hata sauti. Unahodha wao wakampe Shemeji, yule ndiye mshindi wao.

Nilipoingia ndani, muuguzi alikuwa amesimama kando ya kitanda cha Kiberiti na karatasi yake. Mama alikuwa njiani anakuja, na mimi sikuwa nimepata bado maneno ya kumwambia.

"Kuanzia sifuri mpaka kumi," muuguzi akamuuliza, "maumivu yako ni ngapi?"

Mdogo wangu akautazama mlango kwanza. Ulikuwa wazi, korido tupu.

"Sifuri," akasema.

Shuka lilikuwa limelowa jasho. Muuguzi akainua kalamu.

"Usiandike, dada," nikasema. Nikaenda nikafunga mlango, nikarudi nikakaa kitandani. "Hayupo. Hakuna mtu. Mimi tu na huyu dada."

Macho yake yalikuwa yanazunguka chumbani, chini ya meza, chini ya dirisha, kama anatafuta kitu. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Kaka, begi langu liko wapi?"

Nikainama, nikalivuta kutoka chini ya kitanda, nikaliweka mapajani mwake alishike.

"Kumi," akasema, akalikumbatia begi na kuanza kulia.

Muuguzi akaandika kumi, akaenda kuleta sindano.